Mshale Uliogoma Kwenye Ishirini na Moja

Absalom alipofika kwenye ripoti ya arobaini na tatu aliyatambua maneno. Yalikuwa yake mwenyewe.

Ilikuwa Februari 2004, katika ofisi ndogo huko Richardson, karibu na Dallas, yenye dirisha linalotazama reli. Bahari ilikuwa mbali, mwendo wa saa tano kwa gari, na ndiyo sababu alipapenda. Makampuni kumi na moja ya meli yenye ofisi Houston yalikuwa yamekubali, kwa shingo upande, kufanya jaribio: kila moja itoe ripoti zake za ajali za zamani, majina yafutwe, kisha mtu aliyewahi kufanya kazi melini azisome zote na kusema kama kuna faida yoyote ya kupashana habari. Mpaka wakati huo kila kampuni ilikuwa ikizika ajali zake kwenye kabati lake. Kazi alipewa Absalom, aliyekuwa afisa wa sitaha kwa miaka kumi na minne kabla ya kuhamia Texas na mkewe Lydiah, muuguzi.

Ripoti yenyewe ilikuwa fupi. "Baharia aliingia kwenye tangi la farumi bila ruhusa, akafa kwa kukosa hewa." Mwaka 1996, melini, nje ya bandari ya Galveston. Jina lilikuwa limepakwa wino mweusi, lakini Absalom hakuwa na haja ya kulisoma.

Aliitwa Godefroid, mtu wa Kalemie, aliyejifunza ubaharia kwenye meli za Ziwa Tanganyika. Alikuwa akimwita Absalom "chef", yaani mkubwa, hata walipokuwa wakila sahani moja. Siku ile alitumwa kukagua tangi la farumi, lile linalojazwa maji ili kuipa meli uzito isipokuwa na shehena. Lilikuwa tupu, limefungwa kwa miezi. Chuma kikishika kutu ndani ya tangi lililofungwa, kutu hula hewa, na kilichobaki hakina harufu wala rangi ya kukuonya. Ndiyo maana kuna kipima hewa.

Asubuhi ile mshale wa kipima ulisimama kwenye ishirini na moja, alama ya hewa safi. Kitu fulani kilimtia Absalom shaka, akapuliza pumzi yake mwenyewe kwenye bomba la mashine. Mshale ulipaswa kushuka, maana pumzi inayotoka kifuani si hewa safi. Haukutikisika. Akaenda kwa nahodha.

"Kesho tunaingia bandarini," nahodha alisema. "Ishirini na moja ni ishirini na moja. Kitie sahihi kibali cha kuingia."

Akatia.

Godefroid alishuka na tochi na nyundo. Baada ya dakika chache ilisikika sauti ya chuma juu ya chuma, mara tatu. Kisha kimya. Absalom alitaka kumfuata, lakini serahangi, mkuu wa mabaharia, alimkumbatia kwa nguvu asiende, kwani anayemfuata mwenzake kwenye tangi kama lile humfuata hadi mautini. Mitungi ya hewa ilipopatikana, hapakuwa na wa kuokoa. Jioni nahodha alikichana kile kibali na kumwekea Absalom karatasi nyingine aijaze. Aliijaza.

Tangu hapo ile sauti haikumwacha. Ilimjia kwenye mabomba ya kanisani, na kwenye kijiko Lydiah alipokigonga ukingoni mwa sufuria. Kila iliposikika mara tatu alisimama alipokuwa, akingoja ya nne.

Sasa aliiweka ripoti yake pembeni na kuendelea kusoma. Katika rundo la kampuni nyingine alikuta ajali ya mwaka 1993: tangi la farumi, mtu mmoja amekufa, kipima kimegoma kwenye ishirini na moja. Mashine ya aina ileile. Akapata nyingine ya kampuni ya tatu, mwaka 2001. Mashine ileile, mshale uleule, na safari hii wamekufa wawili, wa pili akijaribu kumtoa wa kwanza.

Kwanza alipandwa na hasira. Wale wa 1993 wangalisema, Godefroid angalikuwa hai. Kisha akaitazama tena ile tarehe ya 2001. Naye hakuwa amesema.

Jioni, jikoni kwao DeSoto, alimweleza Lydiah yote kwa mara ya kwanza. Mkewe alimsikiliza akiwa amevaa sare ya kazi, funguo za gari mkononi.

"Kwenye mkutano wa makampuni kule Houston nitasema ukweli," Absalom alisema.

"Hapana," Lydiah alisema. "Dadake kwanza."

Dada wa Godefroid, Fortunée, alikuwa ameletwa Dallas na mpango wa wakimbizi mwaka 2000. Alifanya kazi kwenye ghala huko Mesquite na alisali kanisa moja nao. Alijua kwamba Absalom aliwahi kusafiri na kaka yake. Hakuwahi kuuliza zaidi, kwa kuwa alidhani anajua.

Jumapili mchana Absalom alikwenda kwake.

"Papa Absalom, karibu, ikala," Fortunée alisema, akiondoa nguo kwenye kiti.

Alikaa. Akasimulia, tangu mshale hadi karatasi. Alipomaliza, mama yule alilikunja shati la mtoto lililokuwa mapajani mwake.

"Miaka munane," alisema. "Miaka munane niko nakasirikia mutu alikwisha kufa. Kampuni iliandika eti aliingia kwa kichwa yake ngumu. Mama yetu alikufa akisema Godefroid hakukuwa anasikia watu. Na mi nikaitika. Kaburi yake iko hapa hapa Texas, kule Galveston, na sikuendaka kuiona, juu ya hasira."

"Nisamehe, dada."

"Aligonga?"

"Mara tatu."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Juu. Mlangoni mwa tangi."

Fortunée aliinuka na kufungua mlango wa nje. "Enda useme kule Houston," alisema. "Majina ya wengine wafute. Ya kaka yangu, useme."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli. Absalom alizipanga ripoti tatu mezani kwa miaka yake na kuzisoma. Alipofika ya pili alisema, "Huyu ni Godefroid. Aliruhusiwa kuingia. Aliyemruhusu ni mimi, na aliyeandika uongo huu ni mimi."

Mwanasheria wa kampuni moja alisimama. "Tulikubaliana hakuna majina."

Kisha mzee mmoja mwenye upara, mkuu wa usalama wa kampuni nyingine, akavua miwani yake. "Ile ya tisini na tatu ni yetu," alisema. "Mashine niliitupa mimi mwenyewe. Sikumwambia mtu."

Makampuni mawili yaliondoka na hayakurudi. Tisa yalitia sahihi makubaliano wiki tatu baadaye: ajali yoyote, hata ile iliyokosa kutokea kwa bahati tu, iripotiwe kwa wenzao ndani ya siku saba. Absalom naye aliiandikia mamlaka iliyompa cheti cha uafisa, akakiri aliyoyafanya. Cheti kikafutwa.

Mwezi Oktoba taarifa ya kwanza ya pamoja ilitoka. Aliitafsiri na kuipeleka Mesquite. Fortunée hakumkaribisha ndani. Walisimama barazani, na Absalom akasoma: meli moja ilikuwa imekuta ufa kwenye kulabu ya boti ya kuokolea watu, ikawajulisha wenzake, na wenzake wakapata nyufa kama hizo kwenye meli nne. Hakuna aliyeumia.

"Na zile mashine za hewa?"

"Zimeondolewa. Kwenye meli zote za makampuni tisa."

"Na yale mawili?"

Absalom alikunja karatasi. "Sijui, dada."

Fortunée aliyatazama magari yaliyoegeshwa uani, kana kwamba alikuwa akiyahesabu.

"Samedi, Jumamosi yenu, siko kazini," alisema hatimaye. "Utanipeleka kule Galveston. Mi sijue njia."