Mahali pa Taka Tifu

Mume wangu Luhende alikufa Januari, na mpaka siku ile alikuwa hajamaliza ugomvi wake na watu wa mtaa wetu wa Pasiansi kuhusu pampasi wanazotupa ziwani. Kwa miaka kumi na miwili aliokota taka za ufukweni bila kuajiriwa na mtu, na bila kuniambia anarudi saa ngapi. Mimi nilisali, yeye aliokota. Jumapili nikienda misa ya kwanza namwacha ziwani, maji magotini, anavuta gugu maji. Nikirudi yupo palepale, ananiuliza padri amesema nini. Nikimweleza, anajibu kwamba hata yeye angesema hivyohivyo kama angekuwa amekaa kivulini.

Kiwanja alichokisafisha pale ufukweni kilikuwa jalala. Ukipiga jembe, linatoa chupa. Luhende alichambua, akaanika gugu maji, akalichanganya na samadi na majivu, akafukia, akangoja. Siku moja aliniita kwa nguvu nikiwa fumbo la tatu la rozari. Nikakimbia nikidhani nyoka. Kumbe ni nyungunyungu mmoja, wa kwanza katika udongo ule. Alikuwa amemwinua kwa vidole viwili kama padri na hostia, Mungu amsamehe, na mimi pia, kwa sababu nilicheka. Baada ya hapo ndipo nilipoleta miche ya migomba kutoka kwetu Kagera.

Lakini watu walimjua zaidi kwa kurudisha. Hakuwa mtu wa kukemea. Aliufungua mfuko uliotupwa, akatafuta jina humo: bahasha ya dawa, daftari la shule, kadi ya harusi. Akilipata anaufunga tena, anaupeleka mlangoni kwa mwenyewe, anapiga hodi kwa heshima na kusema, "Mmesahau mzigo wenu." Alipigwa mara mbili. Mara moja alikaribishwa chai, akanywa.

Tulipomaliza arobaini nikataka kuweka kibao pale kiwanjani. Hapa kosa ni langu. Nilitaka angalau akiwa amekufa akae karibu na neno la dini. Nilimpa maneno fundi Ndalahwa, yule anayeandika majina ya mitumbwi: HAPA NI MAHALI PATAKATIFU. Ubao ulikuwa mlango wa kabati letu. Ndalahwa ana herufi nzuri, kubwa, na hapimi. Juu zikaenea HAPA NI MAHALI PA TAKA. TIFU iliyobaki akaishusha chini, peke yake. Nilimwambia neno limekatika vibaya.

"Mama Nice," akasema, "mwenye akili atasoma yote."

Nikakubali, maana rangi ilishakauka. Wiki haikuisha, matembele niliyoyaotesha chini yake yakapanda yakaifunika TIFU.

Watu wa Pasiansi wanatii maandishi. Jumatatu nilikuta mfuko mmoja. Jumatano ilikuwa kumi na mmoja. Mama mmoja niliyemkuta anamwaga ndoo alinishukuru, kwamba hatimaye mtaa umepata sehemu ya kueleweka.

Hapo akaja Deodatus, mwenyekiti wetu wa mtaa, ambaye siku nyingi alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kontena la taka na hakuna aliyelitaka mlangoni kwake. Akaniambia kwa upole kwamba Jumamosi ya usafi atakuja na bibi afya wa kata. Wakikuta taka, migomba itakatwa na kontena litakaa hapo, kwa sababu wananchi wenyewe wamepachagua. Akakitazama kibao, akanipa pole.

Nilikwenda nyumbani nikapiga magoti. Kila nikifumba macho namwona Luhende anafungua mifuko. Nikamwomba Mama Maria anisubiri kidogo, nikavaa glavu za marehemu na buti zake zinazonizidi.

Niliyoyaona katika mifuko ya majirani sitayasema. Nitasema tu kwamba kiongozi mmoja wa jumuiya yetu anakula kuku Ijumaa za Kwaresima. Nilirudisha mfuko mmojammoja, hodi kwa hodi, na maneno yaleyale. Wengine walinitazama kama waliomwona marehemu mwenyewe. Hakuna aliyenipiga, kwani kumpiga mjane kuna maneno. Mifuko isiyo na jina niliipeleka kwa Ndalahwa. Alipouliza kwa nini kwake, nilimwambia herufi ni zake.

Ijumaa jioni ulibaki mmoja. Ndani mlikuwa na mifupa ya sangara na karatasi tano za tangazo zilizoharibika: MARUFUKU KUTUPA TAKA OVYO. Muhuri wa mtaa ulikuwa umepigwa juu chini, na pembeni sahihi ya Deodatus. Huo sikuupeleka.

Jumamosi walifika. Bibi afya alitazama migomba, matete ya ukingoni, udongo mweusi. Hata kifuniko cha soda hakikuwepo. Deodatus aliniamkia shikamoo huku macho yake yanatafuta chini ya majani.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikimkabidhi ule mfuko kwa mikono miwili. "Umesahau mzigo wako."

Akasema huenda si wake. Bibi afya akautazama ndani, akachomoa karatasi moja, akaisoma taratibu mpaka kwenye sahihi, kama anayesoma somo la pili kanisani. Kisha akamuuliza mwenyekiti kontena lingefaa kukaa wapi hasa. Deodatus akasema labda karibu na ofisi yake, pale pana nafasi. Bibi afya akaandika. Mwenyekiti akaondoka na mfuko wake, na njia nzima watu walikuwa wanafagia.

Jumatatu Ndalahwa alikuja na brashi bila kuitwa. Nikamwambia afute yote, aandike maneno mawili tu, na apime kwanza. Akaandika LUHENDE ANARUDISHA. Katekista alipopita alisema marehemu harudishi kitu, hiyo si imani yetu. Nikamwambia amuulize mwenyekiti.

Halafu nikainama kupalilia matembele. Jembe likafunua nyungunyungu wawili, wanene. Nikageuka kumwita Luhende, nikakumbuka, nikawafukia.