Mkono wa Mama Yudita

Penseli za rangi zilikuwa chache, kwa hiyo darasa lilipokezana. Miriamu, mtafiti aliyetoka Mbarara, aliwaomba wanafunzi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wachore mtu anayeshiriki mambo ya jamii yake. Wanafunzi wa mjini walikuwa wameshamchorea masanduku ya kura na vijana wakizoa takataka. Yudita alimchora mama yake mkutanini.

"Madame, karatasi haienee. Mukono ya mama inapita juu."

"Chora tu mfupi, hakuna shida."

"Haiko mufupi, Madame."

Miriamu akampa karatasi ya pili, wakaziunga kwa gundi.

Mkono huo ulikuwa juu tangu mkutano wa mwezi wa tatu, kiongozi wa mashamba alipotangaza kwamba kwenye mahindi ya mama huyo patajengwa ghala. Mama alitaka kuuliza watoto wake watalima wapi. Hakupewa nafasi, na mkono haukushuka. Katika kila mkutano uliofuata mkono ulirefuka kidogo, mpaka nyumbani wakatoboa turubai la paa ili upite. Kanisani wageni walidhani ameguswa na Roho. Kwenye zahanati walimwambia mkono hauna ugonjwa, unangoja zamu yake tu, wakampa dawa ya bega. Yudita alimwonea uchungu kila asubuhi akimvalisha blauzi.

Michoro ilipoonyeshwa Mbarara, mama na binti walialikwa. Kuanzia Kaberebere, mji wa njiani, mkono ulisafiri nje ya dirisha la gari.

Mgeni rasmi alikuwa kiongozi yuleyule wa mashamba. Aliusifu sana mchoro wa Yudita, akasema unaleta matumaini. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Mkono wa mama ulikuwa umegusa dari. Kiongozi aliutazama, halafu akatazama saa.

"Muda imeisha. Chakula inapoa."

Mpiga picha aliomba kila mtu ainue mkono kama kwenye mchoro. Wote wakainua, kiongozi naye, wakitabasamu. Picha ilipokwisha, wakashusha mikono na kwenda kula.

Waliporudi Nakivale, mahindi yalikuwa yamefyekwa yangali mabichi, na matofali yamepangwa pembeni. Yudita alilia kwa hasira.

"Shusha sasa, mama. Inatosha."

"Bado habayanipa nafasi ya kuuliza," mama alijibu, akainama kuokota mahindi kwa mkono mwingine.