Sufuria Mbili za Maharagwe

Hospitali walituambia tumrudishe Mama nyumbani, na sote tulielewa. Nikafunga kibanda changu cha maharagwe ya kuchemsha huko Kianda, nikabeba jiko na sufuria mpaka kwa chumba chake Kawangware. Mama hakutaka dawa tena. Alitaka kitu kimoja: amshike Everlyne mkono. Dadangu Everlyne alikuwa mwaka wa tatu Riyadh, huko Saudia, kazi za nyumba, na tajiri wake mwishowe alikuwa amekubali kumkatia tikiti.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, akatuma sauti: "Tumepanda ndege. Mwambie Mama aningoje." Halafu simu ikazimwa.

Jirani yetu Kiarie, mtu wa boda, akatoa simu yake akatafuta umbali wa kutoka uwanja wa Riyadh mpaka wa Nairobi.

"Kilomita elfu tatu," akasoma. "Masaa nne na nusu hewani. Nduku, huyo anafika kabla basi ya kwenda kwenu Kitui ijaze abiria."

"Na wewe na hiyo boda ungefika lini?"

"Mimi? Saa hii bado ningekuwa nabishana na polisi hapo Kangemi."

Mama akacheka, na kucheka kukamuumiza. Akaniuliza masaa nne na nusu ni sufuria ngapi. Aliuza maharagwe miaka ishirini, na ni yeye alinifunza nilipomaliza darasa la nane. Saa ya ukutani hatujawahi kuwa nayo.

"Ni mbili," nikamwambia. "Ya pili ikiiva, ndege imetua."

"Basi washa."

Sufuria ya kwanza aliingoja vizuri, macho kwa mlango. Ya pili, pumzi ikawa fupi. Lakini nilimwona vile alijikaza, kama mtu amebeba mtungi wa maji na ameshaona nyumba yake. Saa sita na nusu ikapita. Nikaongeza maji baridi kwa sufuria. Nikaongeza tena.

"Nduku," akasema, macho yamefungwa. "Hayo yameiva. Usinidanganye na maji."

Saa saba simu ikalia.

"Niko Sharjah, karibu na Dubai," Everlyne akasema. "Ndio nimepata mtandao. Tikiti ni ya kupitia huku. Ndege ya Nairobi ni saa nne usiku. Mama yuko aje?"

Sisi tuliuliza umbali tu. Hakuna mtu alikumbuka kuuliza tikiti inapitia wapi.

Kiarie akaandika tena kwa simu yake, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Sema," nikamwambia.

"Kutoka huko mpaka hapa, elfu tatu na mia tano."

Dadangu alikuwa amesafiri tangu asubuhi, na sasa alikuwa mbali kuliko pale alipoanzia.

Nikaweka simu kwa sikio la Mama. Everlyne alilia, Mama akasikiliza mpaka kilio kikaisha.

"Sauti nimepata," Mama akasema. "Mkono ndio bado." Akanigeukia. "Weka ingine."

Maharagwe ya kupika yalikuwa yameisha. Kiarie akatoka mbio kutafuta mengine, lakini Mama alikuwa anangoja kusikia sufuria ikikaa juu ya jiko. Nikabandika maji peke yake, nikafunika, nikapepea makaa.

Maji yakaanza kuchemka. Mama akavuta pumzi kwa pua, polepole, akitafuta harufu.

Nikaendelea kupepea.