Maungio ya Bakili

Kioo cha kuelekeza mwanga kwenye faiba kilikuwa kimepinda. Kidogo tu, hata jicho lisingeona, lakini kimepinda, na aliyekipinda ni Shadya mwenyewe siku ile alipofuta vumbi la Kariakoo kwa ncha ya mtandio wake.

Alikaa sakafuni.

Kazi yao ilikuwa kuandaa njia. Kompyuta ya kwanti ni ngumu kukuzwa. Ukiibebesha moja mzigo mkubwa, makosa yanaishinda. Ndiyo maana wataalamu wanataka kuunganisha nyingi ndogo zifanye kazi kama moja, zikipelekeana chembe za mwanga kupitia nyaya za faiba. Shadya na bosi wake, injinia Heriel, hawakuwa na kompyuta hata moja ya aina hiyo. Walikuwa na faiba iliyovuka juu ya Mtaa wa Narung'ombe, kutoka ghorofa hili hadi lile, na imani kwamba siku kompyuta hizo zitakapofika Bongo zitakuta barabara tayari. Siku alipopata kazi hii, Shadya alilia kwa furaha.

Chembe ya mwanga ikipotea njiani, haina nakala. Basi matokeo ya majaribio yalipoharibika, alimgeukia fundi Bakili, aliyeiunga faiba ile.

"Maungio yako mabovu, fundi!" alifoka pale ngazini, wenye maduka wote wakisikia. "Umetuharibia kazi."

Bakili alifunga mkoba wake, akaondoka. Heriel akamwachisha kazi, akaleta fundi mwingine, naye jana alimaliza kuunga upya; leo Shadya alipopima, mwanga bado ulipotea.

Sasa Heriel alichungulia mlangoni. "Vipi, binti? Wageni wa kuja kuona majaribio ni kesho."

Vidole vya Shadya vilikuwa kwenye skrubu ya kioo. Akiizungusha kidogo, mambo yatakaa sawa, fundi mpya atasifiwa, na alichomsingizia Bakili kitageuka kweli milele. Vidole viligoma.

"Injinia, njoo uone kabla sijakigusa. Kosa ni langu. Bakili hakukosea."

Heriel aliinama, akatazama, akashusha pumzi. "Mtu nimemfukuza, Shadya."

"Kwa maneno yangu."

Shadya akampigia Bakili simu. Nyundo za mafundi wa mtaa wa Gerezani zilisikika upande wa pili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Fundi mbovu anasikiliza."

Alimweleza yote, sauti ikikatikakatika.

"Unalia?" Bakili aliuliza.

"Ndiyo."

"Futa machozi, hayanipi kazi. Wenye maduka hapo mtaani wameacha kuniita. Hata kamera ya mlangoni hawataki niiguse. Mimi umeniambia, nimekusamehe. Wao je?"

"Nitawaambia."

"Kwa sauti ile ile, binti. Siku ile ulikuwa na sauti nzuri sana."

Shadya alishuka. Chini ya ngazi Mama Hyasinta alikuwa akipakua wali, na wenye maduka wamejipanga na sahani zao. Shadya alisimama kwenye ngazi ile ile aliyosimama siku ile.

"Haya, mtaalamu," Mama Hyasinta akamtania, upawa ukiwa hewani, "leo nani tena kakuharibia?"

"Mimi," alisema Shadya.

Wa nyuma hawakusikia. Akavuta pumzi, akarudia, kwa sauti ile ile.