Picha Iliyopigwa Mara Tatu

Watu walimwita Mama Filamu, na jina hilo alilipata kwa ukaidi. Wapiga picha wote wa mtaa ule walikwishahamia kwenye kamera za kisasa, yeye akabaki na kamera yake nzito ya chuma, chumba chake cha giza chenye harufu ya dawa, na ulimi usiopenda kubishiwa. Picha za vitambulisho alizipiga kwa kamera ndogo ya kisasa kama wenzake, maana tumbo halijui sanaa. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa nyingine. Alikuwa akipiga picha mbili, hata tatu, juu ya kipande kimoja cha filamu: uso wa mtu na gome la mti, mikono ya mfinyanzi na udongo uliopasuka, mpaka vitu visivyojuana vikakaa pamoja kama vilivyozaliwa siku moja. Ukutani alizitundika kama kumi hivi. Wateja wengi waliziangalia, kisha wakamuuliza kwa upole kama ziliharibikia kwenye dawa.

Asubuhi moja akaingia dereva wa lori, mtu mrefu wa miaka arobaini na kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua, akaivaa tena kabla ya kusema shida yake.

"Mama, shikamoo. Nasikia unaunganisha watu kwenye picha."

"Marahaba. Inategemea ni watu gani."

Dereva akatoa mfukoni picha ndogo iliyochakaa pembe, ya msichana wa miaka ishirini. "Huyu ni mdogo wangu. Nipige mimi, halafu huyu umbandike pembeni yangu. Mama yetu anaumwa moyo. Ameomba picha ya wanawe wawili, tumekaa pamoja, aiweke karibu na kitanda. Hajaomba kitu kingine."

"Na huyu mdogo wako yuko wapi sasa?"

"Mtaa wa pili tu hapo. Ni fundi cherehani."

"Si umwite tu, basi?"

"Hatuongei," dereva alisema. "Huu mwaka wa saba."

"Basi sikiliza, mwanangu. Huyu wa kwenye picha ni binti mbichi, na wewe kichwani una mvi. Mama yenu anaumwa moyo, haumwi macho. Ukimpelekea hii atajua kabla hujaketi."

Dereva aliinamisha kichwa. Mama Filamu hakuwa mtu wa kuona kichwa kimeinama akakiacha hivyo. Akamsogeza mbele ya kamera ya chuma, akamwonyesha kitufe kidogo chini yake.

"Nikibonyeza hapa, filamu haisogei. Kipande kilekile kinapigwa mara ya pili. Nyuma yenu naweka pazia jeusi, na filamu haiandiki giza. Wewe utakaa upande huu wa benchi leo. Upande wa pili utabaki mweusi, haujaandikwa kitu, unamngoja mwenyewe. Yeye atakuja siku anayotaka. Hamtaonana. Lakini ni lazima aje kwa miguu yake."

"Hatakuja."

"Hilo niachie mimi."

Basi dereva akakaa. Alikaa ukingoni kabisa mwa benchi, nusu yake nje.

"Nafasi hiyo uliyoacha inatosha ukoo mzima," Mama Filamu alimwambia. "Sogea."

Alisogea kidogo. Alipoambiwa auweke mkono wa kulia juu ya benchi, penye nafasi ya dada yake, aliuweka, akauondoa, akaurudisha. Hapo ndipo Mama Filamu akapiga. Alichora chaki sakafuni kuzunguka miguu ya stendi ya kamera na miguu ya benchi, akaweka alama nyingine kwenye ubao wa benchi, mahali bega la dereva lilipofika, na yote akayaandika kwenye daftari.

Kesho yake akafunga studio mapema akaenda kwa yule dada. Alimkuta ameinamia cherehani, pini tatu midomoni. Alipoelezwa, alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kimto chake bila haraka.

"Mama yangu, nakuheshimu. Ila huyo aliyekutuma alitia sahihi baba apasuliwe bila kuniuliza. Baba hakuamka. Nilikuja hospitali nikakuta shuka limefunika uso. Akapige picha na daktari wake."

"Sikutumwa na yeye. Picha si yake, ni ya mama yenu. Mpaka sasa ina mtu mmoja na giza. Nikiisafisha hivyo, mama yenu atalitazama hilo giza kila siku akiamka."

Fundi alirudi kwenye mshono wake, ila mguu wake ulikaa juu ya pedali bila kuikanyaga.

"Na ukija," Mama Filamu aliongeza akiwa mlangoni, "njoo na kitu cha mama yenu. Kitambaa, shuka, chochote chenye mkono wake."

Siku nne zikapita. Kamera ilibaki pale pale juu ya stendi, imefunikwa taulo, na Mama Filamu akawa anaizunguka kwa kunyata kama mtu mwenye mtoto mchanga aliyelala. Wateja wa vitambulisho aliwapiga picha karibu na mlango. Mteja mmoja alipotaka kuegemea stendi ajibu simu, alifokewa mpaka simu ikamponyoka. Jioni Mama Filamu alikaa peke yake akijiuliza kama hajaingilia yasiyomhusu. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Yeye alikuwa ameshika kamera.

Siku ya tano, mchana, fundi akatokea. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, na kwapani alibana kitambaa cheupe kilichokunjwa.

"Nina mteja saa nane," alisema badala ya salamu.

"Hatutachelewa."

Akakaa upande wa kulia wa benchi. Aliitazama ile nafasi tupu ya kushoto, kisha akaangalia mbele.

"Alikaaje?"

Mama Filamu akafungua daftari. "Mgongo wima. Uso kaugeuza kidogo upande wako. Mkono wake wa kulia uko hapa." Akagusa ubao wa benchi. "Bega linafika kwenye hii chaki. Miwani sikumwambia aivue."

"Miwani gani?"

"Ya macho. Anavaa."

"Tangu lini?"

"Mimi nitajuaje, binti? Nimemwona mara moja."

Fundi aliitazama ile chaki. "Baba naye alianza kuvaa umri huo huo," alisema. Kisha, akiwa bado anaitazama ile alama ya chaki, maneno yakaanza kutoka taratibu, kama uzi unaovutwa kwenye nguo kuukuu. "Siku ile alinipigia mara mbili. Kabla hajatia sahihi. Nilikuwa napima gauni la bibi harusi, nikaona jina lake, nikasema huyu nitampigia nikimaliza. Nilivyopiga mimi, baba alikuwa ameshaingizwa ndani. Hilo sijamwambia mtu. Nilifika hospitali nikamwita muuaji mbele ya watu wote, mbele ya mama, na simu yangu mfukoni ina alama mbili nyekundu."

Mama Filamu alimpa kitambaa safi cha kufutia lenzi, ndicho kilichokuwa karibu, na fundi akajifutia macho.

"Nikisogea kwake zaidi itakuwaje?" fundi aliuliza baadaye.

"Ukiipita hiyo chaki mtaingiliana. Bega lako litaonekana ndani ya bega lake, na lake ndani ya lako. Halitamfuta mtu, ila hapo hamtaweza kutenganishwa tena."

"Itaharibu picha?"

"Angalia ukutani kwangu. Mimi si mtu wa kuulizwa hilo."

Fundi alicheka kidogo, puani. Akasogea akaipita chaki kwa upana wa kiganja, akauweka mkono wake pale alipoonyeshwa mkono wa kaka yake. Mama Filamu akapiga.

Baada ya hapo wakatandaza kile kitambaa. Kilikuwa cha kufuma, kazi ya mama yao, kilichokaa miaka mingi mgongoni mwa kiti cha sebuleni: maua madogo ya uzi mweupe, na katikati ya maua matundu. Walikitundika mbele ya pazia jeusi, kila mmoja akivuta pembe zake.

"Sasa hapa ndipo pagumu," Mama Filamu alisema. "Nikizidisha mwanga, nyuzi zitawala nyuso. Nikipunguza, mtaelea gizani kama mizimu miwili."

Alipunguza taa, akahesabu kimoyomoyo, akabonyeza mara ya tatu na ya mwisho. Fundi akakunja kitambaa chake akarudi kwa mteja wake wa saa nane. Alichelewa.

Picha ilipojitokeza kwenye beseni la dawa, Mama Filamu aliguna. Mwanga ulikuwa umezidi, si sana, lakini umezidi. Maua ya uzi yalijaza lile giza lote kama alivyotaka, kisha yakapanda juu ya nguo zao nyeusi, na tawi moja likapita juu ya shavu la dereva mpaka sikioni. Mwanafunzi angefanya vile angemrudisha nyumbani. Lakini katikati mabega yalikuwa yameingiana, na juu ya benchi ulionekana mkono mmoja wenye vidole vingi, usiojulikana kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Aliitundika ikauke, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Dereva alipokuja kuichukua, aliiona na miwani, akaiona bila miwani.

"Hapa," alisema, kidole kikiwa juu ya mabega. "Kamera imekosea?"

"Kamera haijakosea. Alisogea mwenyewe. Aliuliza ulipokaa, nikamwonyesha, akaja."

Dereva alishukuru, akaomba nakala nyingine, akatoka na picha mbili badala ya moja.

Yaliyofuata Mama Filamu aliyapata kwa fundi mwenyewe, wiki sita baadaye, alipokuja kupiga picha ya kitambulisho. Alikuja bila futi shingoni na alikuwa na muda wa kukaa.

Kumbe dereva alimpelekea mama yao ile picha, na mama akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, akauliza, "Mlipiga pamoja?" Dereva si mtu wa uongo. Akasema hapana, siku mbili tofauti. Mama akasema, "Nilijua. Mdogo wako asingekaa karibu nawe na kola yako imekunjika hivyo asiinyooshe." Hakulia, hakuwalaumu. Aliomba tu isimamishwe mahali atakapoiona akilalia ubavu wa kushoto.

Picha ya pili dereva aliipeleka mwenyewe kwa mdogo wake. Alisimama mlangoni kwa fundi kama mteja asiyejua anataka kushonewa nini. Fundi akamwambia akae, na kabla hajampa hata maji akamweleza habari ya zile simu mbili.

"Akasema nini?" Mama Filamu aliuliza.

"Akasema, 'Najua. Si ni mimi niliyepiga?'"

Mama Filamu aliweka kamera chini.

"Miaka saba, mama. Nilimtukana mbele za watu. Neno moja tu lingeniziba mdomo: 'Nilikupigia hukupokea.' Hakulisema pale, hakulisema kwa mama, hakulisema kokote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Ulikuwa umeshafiwa na baba, ningekuongezea na hilo?'"

Nje honi ililia. Lori kubwa lilikuwa limesimama mbele ya studio, limeziba nusu ya barabara, na magari ya nyuma yameanza kulalamika.

"Ndiye huyo," fundi alisema akijipangusa uso. "Tunakwenda kumwona mama. Hawezi kusubiri hata dakika mbili, alizaliwa hivyo."

"Basi kaa vizuri tumalize. Kidevu juu. Usicheke, hii ni ya serikali."

Fundi alijitahidi asicheke. Ikabidi wapige mara nne.