Kidole Kulia, Mpiganaji Juu

Kasilda alishindwa mchezo wa video huko Gitega, Burundi, mbele ya ukumbi mzima, na kilichomuuma hasa hakikuwa kule kushindwa. Alijua kwamba kidole gumba chake kilibonyeza kulia. Lakini kwenye runinga mpiganaji wake aliruka juu, akadakwa hewani kama kumbikumbi, raundi ikaisha. Ikawa hivyo mara tatu. Watu wakacheka. Athumani, mwenye ukumbi na mwandaaji wa mashindano, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Gitega, "Maneti iko bien, dada, haina shida. Ni mikono yako ndiyo imezoea jembe."

Maneti ni kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe vya kuongozea mchezo. Na jembe kweli alilijua. Yeye na mama yake, Martha, walikuwa wamerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania miaka saba nyuma, wakapata tena shamba la babu kule Buhinyuza. Siku za wiki alilima. Jumamosi alikwenda Muyinga mjini kucheza, na huko hakuwa na mpinzani.  Kabla ya kuondoka ukumbini, akamwomba Athumani amwazime maneti moja kwa wiki mbili, naye, labda kwa kumwonea huruma, akampa.

Kesho yake alikuwa dukani kwa Husain, Muyinga. Familia ya Husain iliuza vifaa vya umeme pale tangu enzi za babu yake, na maneti za Athumani zilitoka kwake, zikiwa zimepitia mpakani Kobero ndani ya katoni. Mzee alimsikiliza huku akipanga betri, akasema hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Kasilda akawasha mchezo kwenye runinga ya dukani, akafungua sehemu ya mazoezi inayoonyesha kila mshale unaobonyezwa, akabonyeza kulia mara mia, bila pupa. Husain alihesabu kwa sauti. Mara kumi na tisa mshale wa juu uliwaka pamoja na wa kulia.

"Bonyeza wewe mwenyewe, mzee."

Husain akabonyeza, akapata ishirini na tatu. Akaenda kuleta bisibisi.

Maneti aliyoizoea Kasilda ilikuwa na vitufe vinne vilivyotengana, kila upande na chake. Hii ilikuwa na kisahani kimoja cha mviringo kilicholalia mpira laini, na chini yake, katikati, hapakuwa na nguzo ya kukiegemeza. Kidole kikielemea kulia, kisahani kilizama chote, kikabonyeza na mshale wa juu. Husain akakiri kwa unyonge kwamba huagiza kwa kutazama picha ya boksi. Kasilda alitamani kupiga meza. Akakata kipande cha kalamu ya plastiki, akakipachika katikati. Cha kwanza kirefu mno, kisahani kikagoma. Cha pili kifupi mno. Cha tatu kikakaa. Akarudia mara mia: makosa mawili tu.

Aliporudi Gitega, Athumani hakutaka hata kuitazama ile maneti. Alisema kitu kilichofunguliwa si cha dukani tena, na matokeo yameshaandikwa.  Aliyenyoosha mkono na kuichukua alikuwa Prosper, kijana wa Makebuko aliyemshinda. Akacheza raundi moja, akaonekana kutatizika.

"Hii inakwenda unakoituma," alisema. "Mi siku zote nabonyeza chini kidogo ya kulia, ili mpiganaji asiruke. Nilifikiri kila mtu anajua."

Kasilda akamkodolea macho. Kumbe ujanja wenyewe ulikuwa huo: kuzoea kasoro. Athumani naye alikuwa amesikia. Akakwaruza shingo, akasema basi, kama anaweza, azitengeneze na zile saba zilizobaki. Kasilda akakubali kwa sharti moja, kwamba Athumani atangaze mbele ya watu kuwa mikono ya Kasilda haikuwa na kosa.

Alikata kalamu mchana kutwa mpaka vidole vikachubuka. Jioni ukumbi ulipojaa, Athumani alisimama, akasema haraka haraka, kama anayepita, kwamba maneti zilikuwa na hitilafu kidogo na sasa ziko sawa. Jina la Kasilda hakulitaja. Wengi hawakugeuza hata shingo. Prosper peke yake ndiye aliyesogea, akampisha kwenye kiti, akamuuliza kama yuko tayari kuanza pambano lao upya. Kasilda, bado na hasira, akakaa.