Koti Nililolipiga Pasi

Jumamosi saa kumi alasiri tulijazana sebuleni kwangu kuangalia tamthilia ya binti yangu, kipindi cha kwanza cha msimu mpya. Kitinda mimba wangu huyo ndiye mwandishi wake, nami nilikuwa nimeshawatangazia majirani wote, hata tusiosalimiana. Hao hasa ndio niliotaka waumie.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alilikalia kochi zima peke yake.

"Sogea, wifi, hilo kochi halijakuoa."

"Alilinunua kaka yangu hili," akajibu, akajitanua zaidi.

Tamthilia yenyewe inahusu kampuni inayowachungulia watu kwa kamera. Hata mimi ninayo moja juu ya kabati la vyombo. Binti yangu aliiweka mwaka jana nilipoteleza bafuni. "Inaona tu, Mama, haisikii," aliniapia. Nikaizoea, nikawa naitolea ulimi kila asubuhi.

Basi kwenye runinga akatokea kijana anamchungulia bibi mmoja. Bibi anapiga pasi koti la mumewe aliyekufa, huku analigombeza: "Kola gani hii! Ile ilikuwa shingo au bomba la moshi?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi kicheko kilinikauka. Koti la mume wangu nalipiga pasi kila Jumatatu, mbele ya kabati hilo hilo la vyombo, mlango nimeutia komeo. Na hilo bomba la moshi ni langu, neno kwa neno.

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anakagua kucha zake.

Nikaanza kupapasa nikiitafuta rimoti. Wifi alikuwa ameikalia.

"Inuka, wifi."

"Ngoja bwana, ndiyo kwanza panakolea!"

Bibi wa kwenye runinga akaweka pasi pembeni. "Mchana ule uliponiita, nilikusikia," akaliambia koti. "Uliita mara tatu. Nilikuwa nimekununia, nikajifanya nimelala. Nilipokuja, ulikuwa umeshapoa."

Jambo hilo sikumwambia daktari wala mtu yeyote. Nililiambia koti tu, miaka sita.

Majirani wakapiga makofi huku wakifuta machozi. Binti yangu akaniinamia sikioni. "Mama, rangi ya koti niliibadilisha."

"Ungebadilisha na maneno."

"Nilijaribu. Yako yalikuwa mazuri zaidi."

Mwaka mzima nilikuwa nalalamika kwamba mtoto huyu hanipigii simu. Kumbe habari zangu zote alikuwa nazo.

Wifi alikuwa ameacha kucheka. "Kaka yangu naye alikufa mchana," akasema taratibu. "Na wewe ulituambia ulikuwa umelala."

"Ni hadithi tu, shangazi," binti yangu akadakia, laini kama mafuta. "Nimetunga."

Ningeweza kunyamaza nikajificha humo. Lakini wifi alikuwa ananitazama mimi.

"Alikuita?"

"Aliniita."

Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Majirani nao wakaanza kutafuta viatu vyao.

Tulipobaki wawili, nikamshika binti yangu mkono. "Mkimbilie shangazi yako. Mimi hataniamini tena. Wewe ulisikia yote. Mwambie nilivyokuwa nalia kila Jumatatu, nilivyomwomba kaka yake msamaha mpaka sauti ikanikauka. Shahidi sina mwingine."

Hakuinuka.

"Mama," akasema, "sehemu ulizokuwa unalia nilikuwa naziruka."